Noella wa Sécurité

Kazi ya Noella Nkeshimana iliharibiwa na neno moja, tena asubuhi ya kwanza, kabla hajapewa hata kiti cha kukalia. Daktari Basile, mkurugenzi wa hospitali, mtu mwema lakini mwenye haraka ya kudumu, alimsimamisha mbele ya wafanyakazi waliokusanyika uani akasema, "Huyu ni mademoiselle Noella. Iko wa sécurité. Kama kuna jambo lolote, mumupatie rapport." Kisha akakimbilia chumba cha upasuaji, maana majeruhi wengine walikuwa wameteremshwa kutoka Bijombo, huko milimani.

Alichotaka kusema ni sécurité au travail, yaani usalama kazini: sindano isimchome mfua nguo, dawa ya kusafishia isimwingie msafishaji machoni, mtu aje kazini na vidole vyake vyote na arudi navyo nyumbani. Lakini yale maneno mawili ya mwisho mkurugenzi aliondoka nayo kwenda kwenye upasuaji. Na Uvira ya mwaka ule, vita vikiwa vinaunguza vijiji vya milimani na mji mzima ukiongea kwa kunong'ona, hakukuwa na mtu asiyejua "wa sécurité" ni nani. Ni yule anayekaa baa tangu mchana na chupa moja ya Fanta, masikio yake yako kwenye meza za wengine. Na rapport ndicho kitu anachokwenda kuandika Fanta ikiisha.

Maskini Noella hakulitambua hilo. Yeye alikuwa amejaa furaha mpaka usingizi ulimkimbia. Nyumba yao ya Rurambo ilikuwa imechomwa, ng'ombe wakatawanyika, na sasa yeye na baba yake walikuwa wamebanana kwenye chumba cha kupanga katika mtaa wa Kilibula. Kazi hii aliisomea kwa mateso, akaiomba, akaipata. Baba yake, mchungaji wa ng'ombe tangu utoto, alitaka kuielewa.

"Sasa weye unatibu nani?" alimwuliza.

"Natibu wale hawajaumia bado, papa."

Mzee akalifikiria jambo hilo vizuri. "Hao ni wengi," akasema. "Utachoka."

Lakini hakupewa nafasi ya kuchoka. Mkurugenzi alikuwa amempa mwezi wa majaribio, na masharti yake hayakuwa na fumbo: kama mpaka mwisho wa mwezi hakuna mfanyakazi hata mmoja atakayesema ameumia, basi hospitali haina haja ya mtu wa namna hiyo, na nafasi yake itapewa mkunga. Noella aliona ni sharti jepesi kabisa. Hospitali iliyojaa majeruhi namna ile, mikono ikikimbizana usiku na mchana, itakosaje mtu wa kuumia?

Akaanza na Ndihokubwayo, mzee wa kuchoma taka, aliyekuwa amesimama mbele ya tanuri lake.

"Baba, unachoma nini hapa?"

"Minye? Sichomi kitu, chef," alijibu Ndihokubwayo, moshi ukimtoka nyuma ya masikio yote mawili.

Akaenda kwa wafua nguo. Huko alitawala Mama Anne-Marie, mwanamke mnene wa mwili na wa sauti, na kabla mlango haujafunguliwa Noella alisikia wakiimba wote pamoja huku wakikamua shuka. Alipoingia, wimbo ulikatika katikati ya neno. Akatabasamu, akauliza kwa upole aliofundishwa shuleni: nani ameumia hapa, aliumia wapi, saa ngapi, na nani alikuwa karibu akaona? Wanawake wakatazamana. Mmoja akachomoa kadi ya kupigia kura, ambayo huko ndiyo kitambulisho, akamwonyesha, na wengine wakafuata, mikono ikiwa bado na povu.

"Hapa hakuna muntu anaumia," alisema Mama Anne-Marie. "Tuko muzuri. Hata viongozi wote tunawapenda."

Siku hiyohiyo Noella alitundika vile visanduku vya njano vya kutupia sindano katika kila chumba cha wagonjwa. Kiwandani walikuwa wameviandika boîte de sécurité, yaani sanduku la usalama, na neno la mwisho lilikuwa kubwa kuliko mengine yote. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Waliochanja watoto walivijua vizuri, lakini wauguzi wa upasuaji walikuwa wamezoea kutupa sindano kwenye makopo ya maziwa, na makopo hayo Noella alikwisha kuyaondoa kwa mkono wake. Sasa nani atasogea kwenye sanduku la sécurité, mbele ya majeruhi na jamaa zao, akaonekana anatumbukiza kitu? Watu wangesema ametumbukiza jina la mtu. Visanduku vikabaki vitupu, vinang'aa ukutani, na sindano zikaachwa vitandani, zikakunjwa ndani ya shuka, zikapelekwa kwa Mama Anne-Marie.

Noella alishangaa. Kila alipopita watu walisimama wima. Alipewa chai yenye sukari nyingi mno. Mpishi mmoja alimletea papai na kumwomba amkumbuke vizuri. Siku zikaenda, na kwa mujibu wa wafanyakazi wote hospitali ile ilikuwa mahali salama kuliko mbinguni.

Kisha akaona kidole cha Délice.

Délice ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wafua nguo wote, na alikuwa na mtoto wa kunyonya. Kila mchana mama mkwe wake alimleta mtoto mpaka kwenye ua wa miti, Délice akatoka kumnyonyesha amekaa juu ya jiwe. Siku hiyo Noella alipita, akaona kitambaa kimefungwa kwenye kidole cha shahada, na doa dogo la damu katikati.

"Imekuwa nini, Délice?"

Délice aliuficha mkono chini ya mgongo wa mtoto. "Nilijikata jana nikitengeneza mukeke."

Noella alikuwa mtoto wa mlimani, lakini hata yeye alijua kisu cha samaki hukata, hakitoboi. Alichuchumaa. Akasema taratibu kwamba kama ni sindano kuna dawa ya kuzuia sida, yaani ukimwi, ipo palepale hospitalini, lakini inataka kumezwa mapema; siku tatu zikipita, haina kazi tena. "Unambie tu ukweli, nitaandika rapport, na—"

"Ni mukeke," alisema Délice. Macho yake yalijaa machozi, lakini mdomo haukubadilika. Alikuwa anajua vizuri shuka ile ilitoka chumba gani, na ndani ya chumba kile walilala watu ambao hakuna aliyethubutu kuuliza walikuwa wanapigana upande upi. Akikiri sindano, ataulizwa shuka. Akisema shuka, ataulizwa mgonjwa. Hivyo ndivyo alivyohesabu mambo, na katika mji ule hakuwa mjinga kuhesabu hivyo.

Noella alilia njia nzima mpaka Kilibula. Mwezi wa majaribio haukumjia hata kichwani. Alimwona mtoto tu, akinyonya macho yamefumbwa.

Kesho yake asubuhi pikipiki ilisimama langoni. Akashuka mtu mwenye miwani myeusi na viatu vilivyopakwa rangi vizuri, akamwuliza mlinzi, "Yule dada wa sécurité iko wapi?"

Ndivyo ilivyokuwa: sifa za Noella zilikuwa zimevuka ua wa hospitali, zikapita sokoni, zikafika mpaka kwenye ofisi ya sécurité yenyewe, ile ya kweli. Na huko walishangaa kweli. Nani huyu anajiita wetu na sisi hatumujui?

Noella alikuwa anapita uani, akayasikia yote. Hakufikiri, alitoka mbio, akasukuma mlango wa kwanza aliouona, akajikuta katikati ya wafua nguo.

"Mama Anne-Marie, munifiche."

"Nikufiche na nani?"

"Na sécurité. Wamekuja kunitafuta."

Maji yalidondoka kutoka kwenye shuka moja.

"Si weye ndiye sécurité?" aliuliza Mama Anne-Marie.

"Minye? Minye nawaogopa kuliko ninyi wote hapa."

Sasa Mama Anne-Marie hakuwa mgeni wa vita. Alikuwa amewahi kumficha mumewe, shemeji zake, na mara moja padri. Maswali aliyaacha kwa baadaye. Alishika lundo la shuka chafu za upasuaji, akalifunua kwa mkono mmoja. "Ingia humu, upesi."

Noella aliliangalia lundo, akarudi nyuma.

"Humo hapana. Humo muko sindano."

"Unatafutwa, na unachagua shuka?"

"Mama, afadhali wanikamate." Na palepale, viatu vikilia kwenye kokoto za nje, akaanza kueleza. Ile sauti ya upole aliyofundishwa ilikuwa imepotea kabisa. Alisema sindano ya mgonjwa ni ndogo lakini inaua polepole. Alisema kuna dawa, na kuimeza si jambo la polisi wala la rapport, ni kukata roho au kuishi, basi. Alisema yeye hana habari na nani alilala kwenye shuka gani, hataki kujua, na wala hajapata kutaka kujua. Anachotaka ni kwamba asife mama hata mmoja wa chumba hiki kwa kufua. Mara hii hakuna aliyetoa kadi. Délice alikuwa amesimama, ameshika ndoo, hapepesi macho.

"Basi ingia kwenye zile safi," alisema Mama Anne-Marie, akamtumbukiza kwenye kapu la foronya zilizokauka, akalifunika.

Mtu wa miwani alipoingia, wanawake wote walikuwa wanaimba kwa nguvu ya kupasua paa.

"Hapa ni nguo tu, chef," Mama Anne-Marie alimwambia kwa heshima kubwa.

Nyuma yake akaja Daktari Basile anahema, koti lake limefungwa vibaya, na hatimaye, baada ya siku zote hizo, akayasema yale maneno mawili. "Au travail, bwana! Sécurité au travail! Ni mambo ya sindano na glavu!"

Mtu yule alivua miwani. Kumbe alikuwa na macho ya kawaida kabisa, ya mtu aliyelala vibaya. "Ya sindano?" akauliza. "Alors, huyo dada iko wapi?"

Kapu likapiga chafya.

Noella alitoka na foronya kichwani. Yule mtu alimtazama tangu juu mpaka chini, akajikaza, akashindwa, akacheka. Alipopata pumzi akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba, kwamba kwao mu biro, yaani ofisini, waya za umeme zinatoa cheche tangu mvua zianze, na mwenzake mmoja alikwisha kurushwa mpaka ukutani. Je, dada angeweza kuja kuangalia?

Noella alijibu bila kufikiri. "Mutuandikie rapport," akasema.

Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa sakafuni. Mama Anne-Marie alijifuta machozi kwa shuka ya serikali. Na Délice alicheka kuliko wote, akacheka mpaka kicheko kikageuka, mabega yakaanza kumtikisika kwa namna nyingine. Mgeni alipokwisha kwenda zake, akafungua kile kitambaa.

"Si mukeke," alisema. "Ni sindano. Ni juzi."

"Pole," alisema Noella, na hilo lilikuwa neno pekee alilosema. Hakuuliza shuka. Alimshika mkono wakaenda pamoja kwa mtoa dawa, na kidonge cha kwanza kikamezwa kabla mtoto hajaletwa kunyonya.

Mchana huohuo mtu alibisha mlango wa kichumba cha kazi cha Noella. Alikuwa Ndihokubwayo, ameshika kofia, na alipokunja mkono wa shati akaonyesha ngozi iliyoungua mpaka kwenye kiwiko. "Chef, nilidanganya," alisema. "Ninachomaga." Nyuma yake alikuwa mpishi, na nyuma ya mpishi muuguzi wa upasuaji, na mstari ukaendelea mpaka nje, watu wakisimuliana habari ya kapu na kucheka, kila mmoja akiwa na jeraha lake. Daktari Basile alipita mbio kama kawaida yake, akaona mstari, akasimama. Hilo peke yake lilikuwa jambo la ajabu. Mkunga akatafutiwa nafasi nyingine.

Visanduku vya njano viligeuzwa neno likaelekea ukutani, na mbele Mama Anne-Marie akaandika mwenyewe kwa makaa: SINDANO TU. Vilijaa kabla ya Jumapili.

Lakini furaha yenyewe ilikuwa bado haijafika, maana dawa ile hunywewa mwezi mzima, na ilimtesa Délice. Ilimtapisha, ikamtia kizunguzungu. Kila siku Mama Anne-Marie alimpikia bugali na mboga za lenga-lenga, Noella akakaa naye akila, ili asiwe peke yake na kidonge. Kisha ikabidi kungoja miezi ya vipimo. Ni vigumu kungoja damu yako iseme. Délice, aliyekatazwa kunyonyesha mpaka majibu yatoke, alikuwa akimtazama mtoto wake akilishwa uji kwa kijiko, na Noella alikaa kando yake.

Siku ya kipimo cha mwisho hakuna aliyefua. Shuka zililala kwenye maji ya sabuni. Délice alirudi kutoka maabara akitembea polepole, mtoto mgongoni, akasimama mlangoni.

"Hakuna," alisema. "Hawakuona kitu."

Vigelegele vilipasuka. Mama Anne-Marie alimkumbatia Délice na mtoto kwa pamoja, akawaachia, akanyanyua mikono akaanza kucheza, na chumba kizima kikaanza, miguu mitupu ikipiga simenti yenye povu. Noella alikuwa analia na kucheka, haoni mbele. Na katikati ya yote akajisikia anasema:

"Mama, tuchezee inje. Hapa kunateleza."

Wimbo ulikatika. Akajiona mjinga kabisa, kuharibu furaha ya watu kwa mambo ya sakafu. Mama Anne-Marie alitazama miguu yake kwenye povu, kisha akamtazama Noella kwa muda.

"Mumemusikia," akawaambia wenzake.

Wakatoka wote, Délice mbele na mtoto mgongoni, wakacheza juu ya mchanga mkavu mpaka jua likawachosha.