Salamu za Kaka Jamali

Saa moja asubuhi Hajra alikuwa ameshafika kwenye foleni ya geti la hospitali, chupa ya uji wa mtama kwapani, kanga zimelowa mvua mpaka magotini. Kwa siku nne mfululizo alikuwa akisimama hapo kwa ajili ya mumewe, Shaban, waliyemleta kutoka Ruponda akiwa hawezi kupumua. Leo alikuwa na wagonjwa wawili. Binti yao Shakila alishikwa uchungu jana kule Nambambo, akaletwa Nachingwea kwa bodaboda, na alfajiri akajifungua.

"Bi mkubwa, barakoa iko wapi?" mlinzi aliuliza.

"Si mnasema ugonjwa haupo?"

"Ugonjwa haupo. Barakoa vaa."

Hajra akajifunga upande wa kanga puani. Mlinzi akachomoa kadi ya plastiki. "Wodi gani?"

"Mbili. Ya wazazi, na ile ya nyuma, ya kifua."

"Familia moja, kadi moja, wodi moja. Ukiingia kule nyuma, kwa wazazi huendi. Chagua chap chap, watu wanasubiri."

Kabla hajajibu, simu yake ikaita. Alikuwa Adinani, mdogo wake Shaban, akipiga kutoka Ruangwa. Hajra akasogea pembeni, chini ya bati.

"Shemeji, Shakila kajifungua," alimwahi. "Wa kiume."

"Alhamdulillahi," Adinani alisema, kisha akakohoa kwa muda mrefu. "Shemeji, huku si kwema. Kaka Jamali tumemzika jana. Kifua hichohicho."

Hajra akashika nguzo ya bati.

"Kaka Shaban usimwambie," Adinani aliendelea. "Jamali ndiye aliyemlea. Akisikia leo, havuki."

"Na wewe mbona unakohoa?"

"Mafua. Nimejifukiza mara tatu, nashindwa hata kufika uani. Baba mtoto, Harithi, nimemtafuta hapatikani. Wenzake wanasema yuko machimboni Namungo tangu juzi. Kwa hiyo shemeji, mwanamume wa kuja huko kwa sasa hayupo. Uko peke yako."

Alirudi getini akasema, "Wazazi." Neno lenyewe lilitoka dogo. Nesi mmoja aliyeitwa Gaudensia, aliyemzoea kwa siku zile nne, alikuwa anaelekea wodi ya nyuma. Hajra akamkabidhi chupa ya uji.

"Mwambie nimeanza kwa mjukuu wake. Ataelewa."

Shakila alikuwa amelala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, na mzazi mwingine kwenye kitanda kimoja, kila mmoja na kichanga chake upande wa ukutani. Mtoto alikuwa na nywele nyingi na paji pana la Shaban. Hajra alimbeba, akanusa utosi wake, na kwa dakika chache hakukumbuka kitu kingine chochote.

"Baba anaendeleaje?" Shakila aliuliza.

"Anakunywa uji."

Saa nne simu iliita tena. Ilikuwa namba ya Shaban, lakini sauti ya Gaudensia.

"Mama, mzee anataka kuongea. Ongeeni kidogo tu. Mtungi wa hewa ni mmoja, wanaugombania watu watatu, na sasa hivi ni zamu ya mwenzake."

Hajra alisikia pumzi kwanza, fupi fupi, kama mtu aliyepanda mlima na gunia.

"Mama Shakila. Mtoto gani?"

"Dume. Kafanana na wewe."

"Wameadhini?"

"Bado. Mwanamume hayupo."

"Niwekee sikioni mwake."

Hajra akapunguza sauti ya simu, akaiegemeza kwenye sikio la kulia la mtoto. Wazazi wa vitanda vya jirani walinyamaza. Sauti ya Shaban, ambayo miaka yote ilitoka shambani mpaka barabarani, sasa ilikuwa ya kunong'ona. Alitamka kila neno, akapumzika, akatamka jingine. Alipofika kwenye kuita watu waje kwenye swala, kikohozi kikamkaba. Walisubiri. Mtoto alifumbua jicho moja, akalifumba.

"Nitamalizia baadaye," Shaban alisema Hajra alipoirudisha simu sikioni mwake mwenyewe. "Jamali ameambiwa? Nilimwota jana."

Shakila alikuwa anamtazama mama yake. Hajra akageukia dirisha.

"Ameambiwa. Amefurahi sana. Anakusalimu, anasema upone, atakuja mwenyewe kukuona."

"Basi vizuri," Shaban alisema. Simu ikakatika.

Saa saba Gaudensia alikuja mlangoni mwa wodi ya wazazi. Hakuingia. Alimwita Hajra kwa mkono tu, na Hajra akajua. Alimwambia Shakila anakwenda kutafuta sabuni ya kufulia.

Ofisini, Bwana Afya alimsogezea karatasi. Hajra alisoma polepole, kidole chini ya maneno: *Changamoto ya upumuaji.*

"Hiyo si ndiyo korona?"

"Mama, neno hilo hapa hatuandiki. Weka dole gumba."

"Najua kuandika. Nitampeleka Ruponda lini?"

"Hapelekwi. Tunazika hapahapa, leo, na vijana wetu. Kuosha hakuna."

"Kama ugonjwa haupo, kwa nini asioshwe?"

Bwana Afya alitazama kalamu yake. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Weka saini, mama," alisema.

Alasiri gari lilishuka na mwili mpaka makaburi ya nje ya mji. Vijana wanne waliovaa mavazi meupe ya plastiki waliteremka nao. Wazee wawili wa msikiti wa karibu waliswali wakiwa barabarani, nyuma ya kamba. Hajra alisimama nao. Maishani mwake hakuwahi kwenda makaburini siku ya maziko. Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Wanaume wake walikuwa mmoja chini ya ardhi, mmoja kitandani, mmoja shimoni Namungo.

Vijana walimshusha haraka, chali, kama wanavyoshusha mzigo, wakachukua makoleo.

Hajra akainua kamba, akapita.

"Mama, rudi nyuma!" Bwana Afya alipiga kelele.

"Mgeuzeni," Hajra aliwaambia vijana. "Ubavu wa kulia. Uso kibla."

"Kibla wapi, mama?" mmoja aliuliza kutoka ndani ya kinyago chake.

"Kule kwenye mkorosho ule. Sirudi mpaka mmemgeuza."

Vijana walitazamana. Bwana Afya akatazama pembeni. Wawili wakaingia kaburini wakamgeuza, wakamwekea bonge la udongo mgongoni asirudi chali. Hajra alihakikisha. Ndipo akarudi nyuma ya kamba, akasimama mpaka koleo la mwisho.

Jioni aliingia wodi ya wazazi amenawa mikono mpaka viwikoni. Miguu hakukumbuka. Shakila, aliyekuwa ameketi akimnyonyesha mtoto, aliuona udongo mwekundu umeganda mpaka vifundoni.

"Mama, umetoka wapi?"

Hajra hakuwa na salamu nyingine ya kutunga. Aliinama akampokea mtoto, akamfunika vizuri, akamlaza ubavuni mwa ukuta ambako hawezi kuanguka. Kisha akaketi kitandani, akamshika binti yake mikono yote miwili, akamwambia.