Kisahani cha Bi Majani

Kama kuna mtu aliyejiamini chini ya jua, jamani, ni Bi Majani. Aliuza sokoni ndevu za mahindi zilizokaushwa. Mkojo ukikuchoma, alikupa fungu, ukachemsha, ukanywa birika zima, ukapona. Wasiopona hawakurudi, naye hakuwatafuta.

Safari hii aliyechomwa ni mkamwana wake mwenyewe, mpimaji wa maabara, tena mjamzito. Mimba ya kwanza ilitoka, na Bi Majani aliililia mpaka sauti ikamkauka. Mjukuu huyu alimtaka kwa udi na uvumba.

"Kunywa chai yangu, mwanangu. Vidonge vya nini?"

"Mama, kwa mimba hii sibahatishi. Daktari anasubiri majibu ya mkojo. Leta chai yako tuipime pamoja na dawa ya hospitali."

"Nilete? Naleta birika!"

Mkamwana akaotesha vijidudu vya mkojo wake kwenye kisahani. Upande mmoja akaweka kikaratasi kilicholowa chai, upande wa pili chenye dawa. Kisahani kikawekwa kwenye joto.

Siku ya majibu Bi Majani aliingia maabara amevaa viatu vya harusini. Akainamia kisahani. Kwake kumeota tele, mpaka juu ya kikaratasi. Kwenye dawa, duara tupu, kama uwanja uliofagiwa.

Akapiga kigelegele, watu wakageuka. "Si nilisema? Kwangu kumestawi, kwako jangwa! Mwenye macho haambiwi tazama!"

Mkamwana hakucheka. Akamshika mkono. "Mama, hivyo vilivyostawi ndivyo vinavyonichoma."

Maskini, mama wa watu! Akatazama kisahani, akatazama tumbo. Aliogopa, aliogopa kweli.

"Na wateja wangu wote wale?"

"Wengine huenda walisaidiwa na maji. Kunywa maji mengi kuna faida, hilo limepimwa. Lakini ndevu zenyewe, ushahidi wake ni haba."

Bi Majani alikuwa mtu wa bustani, magugu anayajua. Akaokota mkoba wa mkamwana. "Inuka twende kwa daktari. Palizi haingoji."

Bado anauza, mjukuu mgongoni. Mwenye mimba au homa hamuuzii ng'o, anamfukuzia hospitali. Wengine anawapa fungu na onyo: "Kunywa na maji mengi, kisha urudi uniambie. Usipopona ndiyo urudi mbio."