Aliyemsikia Tiva wa Titye

Kwa miaka minne Kasian alihesabu ndege wa bonde la Titye kwa macho matupu na masikio mawili, na hakuna aliyemghasi. Fomu alizitia kwenye mfuko wa plastiki zisilowe, na kila mwisho wa mwezi alipanda baiskeli kuzipeleka Kasulu mjini kwa Dokta Epifania, mtafiti wa ndege. Fomu ilikuwa na safu mbili: Nimeona na Nimesikia. Zake zilijaa upande wa Nimesikia, kwa sababu ndege wa kwenye mafunjo hajionyeshi ovyo. Dokta hakumtilia shaka hata siku moja. "Kasian akisema amesikia, amesikia," alizoea kuwaambia wageni, na Kasian alirudi nyumbani na sentensi ile kama mtu aliyepewa kitoweo.

Mwaka 2013 akaletwa Mwalimu Herieth, binti wa Same, kufundisha sayansi katika shule ya kata. Alikuja na darubini shingoni. Jumamosi mbili tu zilimtosha kuijaza safu ya Nimeona mpaka pembeni, na Dokta akaisoma fomu yake kwa sauti mbele ya wahesabu wote. Kasian aliona wivu, tusiuzungukezunguke. Chai ya Dokta siku hiyo ilimwia chungu, na sukari alitia vijiko vitatu.

Kisha Dokta akamalizia, "Kuanzia Julai kila bonde litakuwa na mwandishi mmoja tu. Titye nitaamua mwezi ujao."

Njia nzima Kasian aliongea na baiskeli yake. Bonde ambalo alizaliwa ukingoni mwake apewe mtu asiyejua hata kusalimia Kiha! Alipofika kwake alikuwa tayari na hila.

Ujanani alichunga ng'ombe wa mjomba wake ng'ambo, Burundi, na huko ndiko alikomjua tiva wa mafunjo: mgongo mweusi, tumbo jekundu kama pilipili iliyoiva, na mluzi wa duara usiosahaulika. Katika fomu za Titye tiva huyo hakuwahi kuandikwa. Na Kasian alikuwa na kipaji cha kumwiga ndege mpaka jike limjibu. Mwalimu angesikia, angeandika, na Dokta angesema msichana anaota mchana. Bonde lingerudi kwa mwenyewe.

Jumamosi, saa moja asubuhi, alijificha kwenye mafunjo, tope magotini. Herieth akaja, akasimama ukingo wa pili. Kasian akapiga mluzi. Mwalimu akaganda, kisha akatoa simu na kuanza kurekodi. Kasian akanogewa, akamwimba tiva kwa madaha.

Sasa, mama mkwe wake, Bibi Ernesta, alikuwa ameamkia bondeni kutoa mihogo aliyoiloweka. Alipita nyuma ya mafunjo na beseni lake, akauona mgongo wa mkwewe. Akatua beseni, akapiga makofi taratibu.

"Mwakeye!"

Niambie wewe, Muha gani aliyefunzwa na mamaye ataiacha salamu ya mama mkwe ining'inie hewani? Kasian akachuchumaa palepale topeni, akapiga makofi, akaitikia. Akaulizwa watoto, akajibu. Akauliza mihogo, akajibiwa. Bibi alipokwenda zake, Kasian akashusha pumzi na kuuendeleza wimbo pale alipouachia. Herieth hakushangaa. Kiha hakukijua, na bondeni pale watu walisalimiana asubuhi nzima.

Mwisho wa mwezi, kwenye baraza ya Dokta, mwalimu aliunganisha simu yake na spika.

"Sijamwona, kwa hiyo nimeandika nimesikia," alisema. "Ningependa Mzee Kasian athibitishe. Masikio yake ndiyo tunayoyaamini sote."

Maneno hayo yalimchoma Kasian kuliko tusi. Lakini spika ilikwisha kuanza. Tiva akaimba, wahesabu wakainua vichwa. Tiva akanyamaza katikati ya mluzi. Yakasikika makofi, "Mwakeye!", kisha makofi mengine ya karibu, na sauti nzito ikisema kwamba watoto hawajambo, ila mdogo ana kikohozi. Halafu tiva akaendelea.

Bazilio, mhesabu wa Kumsenga, alicheka mpaka akamwaga chai. "Mchimba kisima huingia mwenyewe!" akasema.

Dokta Epifania hakucheka. Yeye ni Muha wa Kasulu, hakuhitaji mkalimani. Alileta jalada la miaka minne, akashuka na kidole kwenye safu ya Nimesikia, ukurasa baada ya ukurasa.

"Kasian, humu ndani ndege ni wangapi, na wewe ni wangapi?"

"Wote ndege, Dokta. Naapa kwa watoto wangu."

"Nakuamini. Ila sina namna ya kumwonyesha mtu mwingine." Akazitoa zile fomu, akazifunga kamba, akaziweka kando. Bonde akampa Herieth.

Mwezi wa tisa, asubuhi moja, Kasian alikuwa anakata mafunjo ya kufumia mkeka aliposikia mluzi wa duara. Akadhani ni kichwa chake. Mluzi ukarudi, na jike likajibu. Tiva wa kweli, wawili, hapa Titye! Mkono ukaenda mfukoni kutafuta kalamu ambayo siku hizi hakuibeba.

Wivu ukamwambia nyamaza. Waache waimbe, wajilelee watoto, yule binti asijue milele. Alisimama na panga lake hadi jua likawa kali. Kisha akapanda mpaka shuleni, akasimama mlangoni mwa darasa.

"Umesikia kitu, Mzee Kasian?" Herieth akauliza.

"Mimi sijasikia, Mwalimu. Njoo uone."

Alimpeleka hadi kwenye shina lenyewe. Herieth akainua darubini, kisha akatoa fomu na kuiweka juu ya goti. Kwenye safu ya Nimeona akaandika: tiva, wawili. Mahali pa jina palikuwa na mstari mmoja, akaandika Herieth. Kasian alilisoma jina lile kichwa chini miguu juu, huku masikioni tiva akiimba, na hapakuwa na mtu wa kumlaumu.