Madawati ya Mivule ya Dadamu

Jumatatu moja asubuhi, mwaka 1974, Madamu Martine alikuta dawati la mbele limechipua tena. Aliweka chaki mezani, akachukua wembe wa kuchongea penseli, akakata machipukizi yaliyoziba kidau cha wino, kisha akaita majina. Shule hiyo ya sekondari, nje kidogo ya mji wa Arua, ilikuwa imepokea madawati mapya mwanzoni mwa muhula, zawadi ya meja mmoja wa kambi ya jeshi. Bwana Enoch, mkuu wa shule, alisema wa kulaumiwa ni fundi, kwa kutumia mbao mbichi. Fundi hakuulizwa, na jambo likaishia hapo.

Zilikuwa mbao za mivule ya Dadamu, kijiji cha jirani. Mwenye shamba, Ondoga, alikataa katakata miti yake kukatwa kwa kuwa wazee wake walizikwa chini yake, na alikataa mbele ya watu. Lori la jeshi lilibeba magogo, likambeba na yeye. Magogo yalifika kwa fundi. Ondoga hakufika popote. Binti yake, Driwaru, alikuwa kidato cha pili, na dawati lililochipua kupita yote ndilo alilokalia.

Martine alikuwa Mkongo wa Aru, ng'ambo tu ya mpaka wa Vurra, na muhula ule hakukaa akatulia. Mfuko wake wa nguo ulikuwa tayari nyuma ya mlango. Kila Ijumaa alikata shauri kudandia lori la Vurra arudi kwao, na kila Jumatatu alikuwa ubaoni, akitembea huku na huku mpaka wanafunzi wakachoka shingo. Gari likisimama nje, alisahau alichokuwa akisema. Aliogopa, tena aliogopa sana, na alijichukia kwa hilo.

Jumatatu hiyo somo lilikuwa biosfia. Alichora duara la dunia, akalizungushia utando mwembamba, akaeleza kwamba utando huo ndio makao ya uhai wote: udongo, maji, hewa, na kila kinachopumua humo. Jani huanguka likawa udongo, udongo ukarudi kuwa jani, na hakuna kinachopotea. Alipofika kwenye hewa, madawati yakaanza kushusha pumzi baridi, kama yalivyozoea jua likipanda, na vitabu vikalowa. Wanafunzi wakavifuta kwa mikono ya mashati, wakaendelea kuandika.

Driwaru akanyoosha mkono. "Madamu, mutu akipotea, yeye naenda wapi?"

Mogga, mtoto wa sajini kutoka Koboko, akainamia kitabu chake. Martine alitembea mpaka dirishani, akarudi, akaenda tena. Jibu lilikuwa ubaoni, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Hakuna kitu inatoka," alisema mwishowe. "Yote iko humu humu."

"Basi baba iko."

"Iko."

"Wapi?"

Kengele ikalia. Martine hakuwahi kuipenda kengele kama siku ile, wala hakuwahi kujionea haya kama siku ile.

Mchana Bwana Enoch alimwita ofisini. Habari zilikuwa zimeshamfikia, maana za namna hiyo hazikosi miguu.

"Madamu, fundisha maua. Maua haina matata. Hii mambo ya kuoza na kupotea, wacha."

"Iko kwa mtihani, Hedimasta."

"Basi watasoma nyumbani kwao." Alisema hayo huku akimfukuza mnana aliyejenga kiota kwenye egemeo la kiti chake, kwa sababu kiti hicho nacho kilitoka Dadamu.

Ijumaa Martine alibeba mfuko mpaka barabarani. Lori la Vurra liliposimama, aliona mzizi. Ulikuwa umetoka chini ya ukuta wa darasa, ukakata uwanja, na sasa ulikuwa ukivuka barabara mbele ya miguu yake, mnene kama mkono wa mtu, ukiendelea na safari yake. Dereva akapiga honi. Martine akamwambia aende tu.

Jumatatu aliwatoa wanafunzi nje kwa somo la vitendo. Wafuate mzizi, aliwaagiza, wauchore kila unapopita. Walianzia chini ya dawati la Driwaru, wakavuka uwanja na barabara, wakapita mashamba ya muhogo ya watu, wakiomba radhi kila hatua. Mogga akasema kwa sauti ndogo kwamba mizizi hufuata maji, na mto uko upande mwingine. Martine akamwambia aandike hivyo hivyo.

Mzizi uliwafikisha kwenye ukuta wa kambi ya jeshi. Askari wa zamu alikuwa ameukalia mzizi, anakula hindi la kuchoma.

"Munatafuta nini hapa?"

"Tunasoma, afande. Muzizi hii."

Askari akautazama mzizi, kisha akawatazama wao. "Soma mupaka hapa. Huku ndani hakuna shule."

Martine akawageukia wanafunzi. "Muzizi inaishia wapi?" aliuliza, na safari hii miguu yake ilitulia mahali pamoja.

"Haiishi, Madamu," alisema Driwaru. "Inaingia."

Wote wakachora hivyo: mzizi, ukuta, na mshale. Driwaru akafungua chupa aliyobebea uji, akamwaga nusu juu ya mzizi kama watu wa kwao wanavyowamwagia wafu wao, akanywa nusu iliyobaki. Askari akasogeza buti lake lisilowe.

Hakuna aliyeulizwa neno juu ya Ondoga. Mwisho wa muhula Meja alikuja shuleni, akakaa kwenye kivuli cha dawati la Driwaru, ambalo sasa lilikuwa limeinua mabati ya paa, akasifu ubaridi wake. Shule yenye bidii namna hii, alisema, inastahili madawati zaidi. Bwana Enoch alipiga makofi kuliko wote. Lori la jeshi likaenda kuzitafuta mbao kijiji cha Manibe, na safari hii fundi aliamriwa azikaushe vizuri.

Siku ya kwanza ya muhula mpya aliingia msichana mgeni, Eyotaru wa Manibe. Hakumsalimu mtu. Alipita kati ya safu za madawati mapya, akilaza kiganja juu ya moja, akaacha, akalaza juu ya jingine, mpaka alipofika kwenye dawati la kona, na hapo mkono wake ukabaki. Driwaru akainuka, akamsaidia kulisogeza karibu na lake. Martine aliwangoja wakae. Kisha akageukia ubao, akachora duara.