Kitambaa cha Kufutia Mayai

Alikuwa anapiga mluzi. Hicho ndicho ninachokikumbuka kwanza, kabla ya mayai yenyewe: kaka yangu ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa chumba cha mashine ya kutotolesha, trei mapajani, kitambaa kibichi mkononi, anafuta yai moja baada ya jingine na kuliinua kwenye mwanga kama mtu anayejaribu miwani dukani. Mayai yalikuwa yanang'aa. Hayakuwa na doa la kinyesi, hayakuwa na unyoya, na hayakuwa na alama hata moja ya penseli.

"Nimekusaidia," akasema. "Yalikuwa yanatia aibu. Umeyachorachora utadhani mtoto wa chekechea."

Nilisimama na ndoo ya maji, nikashindwa hata kuiweka chini. Wiki nzima nilikuwa nimeweka msalaba mdogo kwenye kila yai la kuku wa mama, na yale ya mitetea wa kaka nikayaacha matupu. Na nilikuwa nimemwambia. Nilimwambia mezani tukinywa chai, nikamwambia tena bandani, naye mara zote mbili aliitikia kwa kichwa huku macho yakiwa kwenye simu.

Ugomvi wetu ulianzia kwa vifaranga. Tulikuwa tunatotolesha na kuuza vifaranga wa siku moja, na wateja wakaanza kurudi na malalamiko: vifaranga wamesinyaa, wanasinzia, hawamalizi wiki. Kaka akaenda jalalani, akapasua mayai yaliyokataa kuanguliwa, akaona mengi ni yale makubwa ya kuku wa mama. Kwake kesi ikawa imekwisha. Kuku wamezeeka, akasema, mayai yao hayana kitu tena, wauzwe tubaki na mitetea wake wachanga aliowanunua mwenyewe na kuwasifia kwa kila aliyepita getini.

Lakini wale kuku hawakuwa wetu wa kuuza. Mama alikuwa amevunjika nyonga. Asubuhi alipopelekwa hospitali, akiwa amekwisha kulazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, alinishika kiganja. Hakuzungumzia nyumba wala dawa.

"Kuku wangu nakuachia wewe," alisema. "Nikirudi niwakute."

Aliwalea tangu wakiwa vifaranga na aliwapa majina ya utani. Mmoja aliitwa Mkaguzi, kwa sababu hakuna sufuria jikoni aliyoiacha bila kuichungulia. Mama alikuwa akimfukuza kwa mwiko na kumwomba radhi hapo hapo.

Basi nikamfuata daktari wa mifugo, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza asiyependa kurudia jambo. Alinieleza huku ananawa mikono. Mtetea anayeanza kutaga hutoa yai dogo, na kiini chake ni kidogo. Kiini kile ndicho akiba ambayo kifaranga hutoka nayo tumboni, na akitoka na akiba ndogo, siku za mwanzo zinamwelemea. Kuku aliyekomaa sana hutaga yai kubwa lenye kiini kikubwa, na kifaranga wake hutoka mzito, lakini ganda lake ni jembamba, yai lenyewe halitaki kuwekwa muda mrefu, na vifaranga wengine hufia humo humo ndani.

"Mzee anakupotezea mayai, kijana anakupotezea vifaranga," alisema. "Sasa wateja wako wanalalamikia kipi?"

Nilirudi nyumbani nusura nikimbie. Kaka alinisikiliza akiwa anakata kucha. Aliniambia hayo ni maneno ya vitabuni, nithibitishe. Nikakubali. Tutotoleshe mara moja tu, mayai yawe na alama, kila kundi lilelewe peke yake. Kuku wa mama wakionekana ndio wenye kasoro, nitampigia mama simu mimi mwenyewe na kuomba ruhusa ya kuwauza. Tukapeana mikono. Nikanunua penseli.

Halafu yeye akaja na kitambaa.

"Haidhuru," nilimwambia siku ile, nikijikaza sauti isipande. "Makubwa ni ya kuku wa mama. Yanaonekana kwa macho."

"Hata mtetea anaweza kutaga kubwa. Bila alama utajuaje?"

"Alama umezifuta wewe."

"Mimi nimesafisha mayai," akasema, na akaumia kweli, mtu aliyefanya wema akalipwa lawama. Hapo ndipo kaka yangu anaponimaliza. Angekuwa na ubaya ningejua pa kumshika.

Niliyapanga upya kwa ukubwa, kila kundi na trei zake. Nikashinda katika kile chumba chenye joto, nageuza mayai, nayamulika kwa tochi, naongeza maji kwenye sinia. Ilikuwa vilevile kama daktari alivyosema. Upande wa makubwa, mengine yalikufa yangali na mishipa myekundu, na nilipoyatoa roho iliniuma, maana nilijua kaka anayaona. Waliotoka, walitoka wamejaa kiganja, wamesimama, wanadonoa kila kitu hadi kucha zangu. Upande wa madogo vifaranga walianguliwa karibu wote. Kaka akapiga makofi. Siku chache baadaye wale wadogo wakaanza kujikunyata chini ya taa, mbawa zimelegea, na kila asubuhi niliokota waliokufa.

Nikamwita aone. Alichungulia boksi hili, akachungulia na lile, akakuna shingo.

"Hapo unabahatisha," akasema. "Mayai hayakuwa na alama."

Nilicheka. Sikuwa na kingine cha kufanya, nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yeye akacheka nami akidhani tumepatana.

Kesho yake nilikwenda kununua pumba. Niliporudi, banda la mama lilikuwa wazi na limefagiliwa. Mnunuzi alipita na gari, kaka alieleza, na mtu wa namna hiyo hapiti mara mbili. Alikuwa amelifagia vizuri sana, hata vyombo vya maji alikuwa amevisuuza na kuvifunika.

Mama alirudi siku chache baada ya hapo, na magongo. Hakuingia ndani. Alizunguka nyumba polepole mpaka bandani, akashika wavu, akamwita Mkaguzi kwa ule mlio wake wa ulimi. Kaka akaanza kumweleza habari za mitetea. Mama hakumgeukia. Alinitazama mimi.

"Nilikuachia wewe."

Nikamweleza yote, msalaba, penseli, kitambaa, ukubwa wa kiini. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama mtu anayetunga visingizio. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama vifaranga wamepewa maji.

Miaka imepita. Mama hayupo, na kaka ndiye anayezungumza na wateja. Mwezi uliopita nilimsikia mlangoni akimfundisha mmoja wao, kidole juu: usitotoleshe mayai ya mtetea anayeanza, kiini chake bado, kifaranga hana akiba, subiri akomae. Alizungumza vizuri. Mteja aliitikia kwa heshima zote.

Alipoondoka, kaka aliketi kwenye kigoda, akavuta trei, akaanza kufuta mayai.

"Hivi mdogo wangu," akasema, "zile alama zako za zamani zilikuwa za nini?"

"Za kutambua mayai ya kuku wa mama."

Akasimamisha mkono. Alilitazama yai lile, na kwa mara ya kwanza nikaona uso umemshuka.

"Mbona hukuniambia?"

Nilikichukua kile kitambaa mkononi mwake, nikakikamua, nikaenda kukianika.