Taa Zisizopinda Kwenye Kona ya Wapimaji

Kwa watu wa mbuga za Saskatchewan huko Kanada, theluji ikipeperuka hadi usione boneti ya gari lako mwenyewe, dawa ni moja: tafuta taa nyekundu za aliye mbele, umfuate. Paraska Hnatiuk alimfundisha hivyo bintiye Orysia, na mafundisho hayo nusura yawazike wote wawili.

Walikuwa wanarudi shambani mchana mwanzoni mwa baridi, Orysia kwenye usukani. Upepo ukainua theluji, mbuga ikatoweka, ukabaki weupe mtupu.

"Mama, acha kukanyaga. Upande huo hauna breki," Orysia alicheka.

"Mguu unajikanyagia wenyewe, mwanangu."

"Tulia basi. Taa zile pale. Tumepona."

Taa mbili nyekundu, zimetulia tuli. Wakazifuata. Paraska alikuwa akiipima njia moyoni: ghala la ngano limepita, daraja limepita, sasa inakuja Kona ya Wapimaji. Hapo wapimaji ardhi wa zamani waligundua kuwa mistari yao iliyonyooka haipatani na mviringo wa dunia, wakaipindisha barabara ghafla kushoto. Kabla yao njia ilikwenda moja kwa moja, na mikokoteni ya Wametisi, uzao wa wenyeji wa asili na Wafaransa, ilivuka ziwa juu ya barafu. Si yote iliyofika ng'ambo. Barabara ikahamishwa; waliozoea ile ya zamani, nani aliwaambia?

Taa hazikupinda.

"Simama!"

"Tutazipoteza!"

"Simama nimesema!" Paraska akanyoosha mkono, akazima gari, akauchomoa ufunguo.

"Haya, tugande humu humu. Utamweleza baba kwamba uliogopa taa."

Paraska alikodoa macho mbele: taa nazo zilikuwa zimesimama.

Hapakuwa na honi wala mlango uliofunguliwa. Kisha zikaanza kurudi nyuma, polepole, zikiwajia. Pamoja nazo ukaja mlio wa gurudumu la mbao lisilotiwa mafuta, mrefu, kama mnyama anayelia.

"Anakuja kutusaidia," Orysia alisema.

"Usimjibu."

"Ameshuka, mama. Anatupungia mkono." Msichana akashika kitasa cha mlango. Macho yake hayakupepesa. "Ananiita."

Paraska akamkumbatia kwa nguvu zote, uso wa mtoto kifuani, akasali kwa Kiukraini maneno aliyoachiwa na bibi yake. Orysia alimpiga mateke, akamng'ata mkono. Hakumwachia. Mlio ulilizunguka gari, ukasimama dirishani, ukaondoka.

Upepo ulipotua, waliona matete mbele ya magurudumu, na baada ya matete barafu changa, nyeusi, nyembamba kama kioo cha dirisha. Alama za matairi zilikuwa zao tu.

Orysia alilia hadi akachoka. Kisha akauliza, "Ulimwona yule aliyekuwa akiniita?"

"Sikumwona, nilifumba macho. Alikuwa nani?"

"Alikuwa wewe."

Tangu siku ile Paraska amebadili mafundisho, na wewe mwenye mtoto barabarani mfundishe wako hivi hivi kabla theluji haijaanguka: usiyemjua alikotoka usimfuate aendako. Simama, washa mshumaa ndani ya kopo la bati upate joto, ungoje upepo utue. Na hata ukimwona mama yako amesimama mbele kwenye weupe anakupungia mkono, mwanangu, usishuke.