Kadi za Dokta Edouard

Niliacha shule mwaka wa nne kwa sababu ya kimputu. Kwetu kijijini Walungu wadudu hao hukaa katika udongo wa nyumba. Ukilala wanakunywa damu yako, halafu homa inakuja. Inaondoka, unafikiri umepona, inarudi. Mimi ilinirudia mara sita. Aliyeniponya ni Papa Dokta Edouard Bahizire, na baadaye nilibaki kwake mjini, mtaa wa Nguba, nikisaidia kazi za nyumba.

Chumba cha nyuma kilikuwa maabara yake. Mlikuwa na hadubini mbili, dawa, na kimputu hai katika sanduku la mchanga. Aliyoyaona humo aliyaandika, nayo yalichapwa Ulaya. Kisha kadi zilikuja kutoka Lyon, Prague, Dakar: wataalamu wakimwomba nakala. Mimi nilizichukua posta kila Ijumaa. Alizipanga mezani kama karata.

"Georgette, angalia! Kimputu ya Walungu inanyima Wazungu usingizi!"

Mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya Kizungu ya ubatizo. Mimi nikawa Nabintu. Papa Dokta akawa Citoyen, yaani Raia, Bahizire Cirimwami. Jirani yetu mmoja alimwita mwanawe Honoré barabarani, akashikwa siku mbili. Jioni ile Mama, mke wa Papa Dokta, aliniita jikoni.

"Mutu akikuuliza Edouard, utasema nini?"

"Nitasema iko ku kazi."

"Hapana! Sema: kwetu hakuna Edouard."

"Kwetu hakuna Edouard."

"Tena. Unaongea kama kuku ya mugonjwa."

Nikasema tena.

Ijumaa iliyofuata karani wa posta, mwenye alama ya chama tawala kifuani, alishika kadi tano mkononi.

"Edouard Bahizire. Iko wenu huyu?"

Watu walikuwa wengi nyuma yangu. Nikasema nilivyofundishwa. Akaandika juu ya kila kadi kwamba mtu huyo hajulikani, akazitupa katika mfuko wa kurudishwa. Ikawa hivyo karibu mwaka mzima. Nyumbani Papa Dokta aliuliza kama kuna kitu, nami nilijibu hakuna. Niliona ninamlinda.

Ndipo ikaja barua ya tume ya serikali kutoka Kinshasa. Maabara ndogo zilikuwa zinafungwa. Ili yake ibaki, ilibidi aonyeshe kwamba wataalamu wengine bado wanatumia kazi yake.

"Wamenisahau," alimwambia Mama wakila. "Zamani kadi makumi tatu kwa mwaka. Sasa hata moja."

Nilikuwa nimeshika sahani ya sombe, majani ya muhogo. Niliiweka chini.

"Papa, zilikuja."

"Nini ilikuja?"

"Kadi. Za Edouard. Nilisema kwetu haiko."

Mama aliinamisha kichwa. Nilingoja Papa Dokta anipige, lakini hakunipiga. Aliuliza tu zilikuwa ngapi, nami sikujua.

Asubuhi nilikimbia posta.

"Zile?" karani alicheka. "Zilisharudi kwao zamani! Unazania tunazilalia?"

Miezi miwili baadaye ilikuja bahasha kutoka Lyon, kwa mkuu wa maabara, bila jina. Ndani mlikuwa na maandiko mapya juu ya kimputu, na jina la Bahizire lilikuwa karibu kila ukurasa. Papa Dokta aliniita nione. Alicheka, akageuza kurasa mpaka ile ya mwisho, ya shukrani. Akaisoma kwa sauti:

"Tunamushukuru marehemu E. Bahizire. Kadi zetu hazikumukuta tena."

Mama akasema, "Usiitume Kinshasa."

"Nitume nini, basi? Sina ingine."

Aliituma. Tume ikajibu kwamba kazi hiyo ni ya marehemu, na Citoyen Cirimwami hakuonyesha hata moja yake. Aliandika mara tatu kwamba Edouard na Cirimwami ni mtu mmoja. Hawakujibu. Lori likaja, likachukua hadubini, dawa, hata sanduku la mchanga.

Tangu siku hiyo Papa Dokta anakaa ndani, dirisha likiwa wazi upande wa ziwa, na hataki kuona mtu.

Jana mama mmoja kutoka Walungu alibisha kwenye lango letu. Mgongoni alikuwa na mtoto, na joto lake nililisikia kabla sijamgusa.

"Homa imerudi mara ya ine," alisema. "Banatuambia tuende kwa Dokta Edouard. Ni hapa?"

Nilishika komeo. Nyuma yangu nilisikia dirisha la Papa Dokta likifungwa.

"Yaya, dada yangu, nakuuliza. Ni hapa?"